Chupa ya Kijani Iliyokatwa Kitako

Enzi zetu, ukimwona mtoto anafika shuleni ana pua nyeusi kwa ndani, hukuhitaji kumwuliza kama jana alisoma. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa akipita mstarini akituinua kidevu mmoja mmoja, na mwenye pua safi ndiye aliyepata kazi ya kujieleza. Wapo wenzangu, sitawataja kwa sababu leo ni watu wazima wenye heshima zao, waliokuwa wanajipaka masizi ya sufuria puani kabla ya kutoka nyumbani. Mwalimu aliwagundua kwa sababu masizi ya sufuria yana mafuta, hayakauki. Masizi ya koroboi, ile taa ya utambi isiyo na kioo, ni makavu, na asubuhi yakitoka na kamasi yanachora mstari mpaka kwenye mdomo wa juu.

Ninyi mliokulia Nyanungu, Gorong'a na vijiji vya jirani mnanielewa bila maelezo mengi. Umeme tulisikia kwamba upo Tarime mjini. Taa ya chemli nyumbani kwetu ilikuwapo moja, ya wageni, na kioo chake kilikuwa kimevunjika tangu mgeni wa mwisho. Mama aliendelea kuifuta vumbi kila Jumamosi, na Tata, ndivyo tulivyomwita baba, aliendelea kusema kioo kitanunuliwa tukishavuna. Tulivuna mara kadhaa. Kioo hakikuja.

Kwa hiyo tuliishi kwa koroboi, na koroboi zetu tulizitengeneza wenyewe, watoto. Za bati ziliuzwa mnadani, lakini sisi tulipenda za chupa. Chupa haikuwa na gharama, na mafuta yakipungua uliyaona kwa macho. Sio ile ya bati unayoitikisa sikioni kila baada ya ukurasa mmoja wa hesabu.

Ulianza kwa kutafuta chupa. Za soda zilikuwa mali ya duka, ole wako ukionekana nayo. Za dawa ya kikohozi zilifaa lakini zilikuwa adimu, labda kijiji kizima kikohoe. Chupa bapa za pombe kali ndizo zilikuwa nyingi, hasa nyuma ya vilabu siku ya mnada, na zaidi miaka ya tohara ambapo sherehe zilifuatana nyumba kwa nyumba. Hizo zilishika mafuta mengi ila zilikuwa zinaanguka ovyo, kama wale waliozimaliza. Mimi nilizipenda zaidi zile chupa fupi za dawa ya sindano ya ng'ombe. Zilikuwa nene, zinakaa vizuri chini, na ukizifumbata zinaenea kiganjani.

Kizibo ulikitoboa katikati kwa msumari, ukachomeka vali ya tyubu ya baiskeli iliyokufa, ndani ya vali ukapitisha utambi. Pembeni ukatoboa tundu jingine dogo la hewa. Asiyejua habari ya tundu hilo, koroboi yake ilikohoa na kuzima, na sisi tulimcheka. Utambi ulitakiwa uwe wa pamba. Kitambaa cha shati la shule lililochoka kilifaa sana. Siku moja nilijaribu soksi ya nailoni ya dada yangu Gati. Nyumba ilinuka mpaka mbwa akatoka nje, na Gati alikwenda shule wiki nzima na soksi moja, akitembea upande ule ambao mwalimu haoni.

Gati alinizidi mwaka mmoja. Alikuwa darasa la saba, na ndiye aliyehitaji taa kuliko wote. Jioni alikaa karibu na ukuta wa jikoni, kitabu magotini, koroboi juu ya kinu kilichopinduliwa. Ukuta wetu wa udongo ulikuwa na ufa, na upepo wa kule kwetu unaujua ufa wowote ulipo. Mwali ulilala, ukainuka, ukalala tena upande wa uso wake. Nywele zake za mbele ziliungua mara mbili. Mama alisema, "Huyu mtoto atafika sekondari akiwa kipara," na sisi tulicheka, Gati akacheka pia, lakini niliona anavyofuta macho kwa kisigino cha mkono. Nikaamua nitamtengenezea kioo.

Sasa hapa lazima niwaeleze habari ya chupa ya kijani. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa anafua mashuka kwenye kambi ya watalii huko Robanda. Kila alipokuja alituletea kitu kilichoachwa na wageni, na safari moja alileta chupa ya mvinyo. Ilikuwa ya kijani, nzito, shingo ndefu, na kitako chake kimebonyea kwa ndani kiasi cha kuingiza ngumi ya mtoto. Sikupata hata nafasi ya kuitamani. Tata aliichukua palepale, akaifunga kamba shingoni na kuitundika kwenye boriti ya nyumba kubwa.

Mfugaji yeyote anajua kwa nini. Ng'ombe akiumwa humnyweshi dawa kwa kikombe. Unamshika pembe na pua, unainua kichwa kidogo, unachomeka shingo ya chupa pembeni mwa mdomo pale pasipo na meno, unamimina dawa. Chupa nyembamba anaitafuna, fupi haifiki. Chupa kama ile ilikuwa na thamani kwetu kuliko chemli nzima. Majirani walikuja kuiazima, na Tata aliwatoa nayo mpaka njiani akiwakumbusha namna ya kuishika.

Mimi niliitazama pale juu kwa miezi mingi. Hakuna ng'ombe wetu aliyeugua. Nikaanza kufikiri kwa akili ya darasa la sita, na hadi leo naona hoja yangu haikuwa mbaya kabisa. Nilijiambia hivi: ng'ombe ananyweshwa kwa shingo ya chupa, hanyweshwi kwa kitako. Kwa hiyo nikikata kitako tu, shingo nikaiacha, Gati atapata kioo cha taa na ng'ombe hatakosa chochote. Tatizo, ambalo mtoto wa jirani wa miaka minne angeliona, ni kwamba chupa isiyo na kitako haishiki dawa.

Niliikata Jumamosi, wakubwa wako shambani na Gati kaenda mtoni. Kazi hii wengine wenu mliifanya. Nilichovya uzi wa pamba kwenye mafuta ya taa, nikauzungusha kwenye chupa mara tatu karibu na kitako, nikaukaza, nikauwasha. Nikaizungusha chupa polepole moto uende sawa pande zote. Uzi ulipokaribia kuisha nikaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi. Ililia tang, mara moja tu, na kitako kikabaki chini ya beseni kama sahani. Mkato ulikuwa umenyooka. Chupa nyingi hupasuka ovyo, kumi ukipata moja nzuri ushukuru, na mimi nilikuwa nimepata ya kwanza. Nililaza ukingo wake kwenye jiwe lenye mchanga na maji, nikausugua mpaka ukaacha kukwaruza, kisha nikaificha nyuma ya kihenge nimpe Gati jioni. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliosha vyombo bila kutumwa.

Jioni ng'ombe walirudi, na Mama Pacha alikuwa wa mwisho. Huyu alikuwa ng'ombe wa nyumba ya mama, tulimwita hivyo kwa sababu aliwahi kuzaa mapacha. Mdogo wetu Chacha alikuwa hajafikisha mwaka, na mama maziwa yake yalikuwa yamekauka baada ya kuugua. Chacha alikuwa anaishi kwa maziwa ya Mama Pacha. Siku hiyo ng'ombe huyo alikuwa amevamia majani mabichi ya viazi vitamu, yakiwa na maji ya mvua, akala mpaka akashiba vibaya. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kupita uti wa mgongo. Alikuwa amepanua miguu, ulimi nje, anahema kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Tata alimpiga kofi ubavuni, ukatoa sauti ya ngoma. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Gesi ile isipotoka, anaanguka, na akianguka haamki.

Nyumbani tuliongea Kikurya, kwa hiyo maneno ya Tata nayaleta kwa Kiswahili kadiri niwezavyo. Alisema, "Mama Gati, mafuta ya kula yote. Gati, chupa."

Mama alimimina mafuta kwenye bakuli. Gati alikimbilia nyumba kubwa, akatoka mikono mitupu.

"Chupa haipo, Tata. Kuna kamba."

"Humo ndani anafagia nani?"

"Mimi."

"Basi iko wapi?"

Gati aligeuka. Alinitazama. Hakuwa anajua chochote, lakini alinijua mimi na chupa. Angeweza kusema "mwulize Robi," na hakusema. Alisimama pale akisubiri fimbo isiyo yake. Mama alipendekeza chupa ya koroboi, Tata akasema ni fupi, ng'ombe ataitafuna, afe kwa vioo badala ya gesi. Mtoto Chacha alikuwa mgongoni mwa mama analia, ulikuwa muda wake wa maziwa.

Nawaambia ukweli, nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri ng'ombe akifa hakuna atakayepata nafasi ya kuulizia chupa. Kisha Mama Pacha akapiga goti moja, na miguu yangu ikaenda yenyewe nyuma ya kihenge. Nilirudi na chupa nimeificha mgongoni, kama vile bado kulikuwa na cha kuficha.

Tata aliipokea. Aliigeuza. Akaiinua usoni, akachungulia kwa upande wa kitako, na mimi nikaliona jicho lake dogo kule kwenye shingo, linaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo tena maishani. Nilisubiri kofi. Badala yake alimshika ng'ombe pembe, Gati na mama wakashika upande wa pili, akachomeka shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, akasema, "Njoo na bakuli. Mimina."

Sikuelewa.

"Umeifungulia njia juu. Mimina humo. Polepole. Akikohoa, acha."

Nikamimina mafuta pale palipokuwa na kitako. Nikagusa sehemu moja ya ukingo ambayo sikuisugua vizuri, ikanichana kidole cha shahada. Kovu lipo mpaka leo. Mafuta yalishuka kidogo kidogo, ng'ombe anameza, nasubiri, namimina tena, bila kuitoa chupa mdomoni hata mara moja. Bakuli likaisha. Tata akamwongoza Mama Pacha asimame miguu ya mbele juu ya tuta, akaanza kumkanda ubavu kwa viganja vyote viwili. Tulisimama tu.

Mama Pacha alipopiga mbweu ya kwanza, ilikuwa ndefu na ilinuka majani ya viazi, na mimi sijawahi kunusa kitu kizuri kama hicho. Ya pili ikafuata, na ya tatu, na ubavu ukaanza kushuka. Mama alikaa chini palepale kwenye samadi na mtoto mgongoni, akicheka na kulia kwa pamoja.

Tata alinawa mikono bila haraka. Akanijia. "Leo mmepona wawili," alisema, "wewe na ng'ombe." Akaifuta chupa, akaifunga kamba yake, akaitundika kwenye boriti. Ndiyo yakawa yameisha. Gati aliendelea kusoma kwenye upepo mpaka mtihani, na kioo chake kipo pale juu hakiguswi. Niliziba ufa kwa udongo na samadi, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu mwanzo.

Lakini hadithi ya chupa haikuishia hapo. Majirani walipokuja kuazima waliishangaa, kisha wakaipenda. Huhitaji kuitoa na kuijaza tena wakati ng'ombe anarusha kichwa, unamimina tu kwa juu mpaka dawa iishe. Siku moja nilikuwa jikoni nikamsikia mzee mmoja akimwuliza Tata nani fundi aliyeikata vizuri hivyo. Tata akakohoa. "Niliikata mwenyewe," alisema. "Niliona ya kawaida inasumbua." Gati alijifunika uso na kanga asicheke. Mimi niliumia kidogo, na kwa upande mwingine nilijua kwamba mtu hajisifii kosa. Miaka yote iliyofuata alilirudia jibu hilo, kila mara likiongezewa nyama, mpaka nadhani alikuwa analiamini.

Gati alifaulu. Ni mwalimu Mugumu, na mtoto wake Marwa yuko kidato cha pili. Krismasi iliyopita tulikutana wote nyumbani Nyanungu. Siku hizi kuna taa ya sola, unabonyeza, nyumba inakuwa nyeupe pee. Marwa anasomea kwenye simu, analala na simu, na mwanga ukipungua kidogo analalamika kuwa macho yanamwuma. Nilimsimulia habari za pua nyeusi akaniuliza, "Sasa mama mdogo, kwa nini hamkuchaji?" Nilimwacha. Sitaki koroboi irudi, msinielewe vibaya. Ilitukohoza, iliunguza nyumba za watu, na mtoto yeyote anayesoma leo kwenye mwanga mweupe namwonea wivu mzuri.

Shida ilikuwa ni Tata. Macho yake yamefunga ukungu, haoni tena. Kila jioni alikuwa anauliza, "Mmewasha?" Tunamjibu, "Tumewasha, Tata." Baada ya muda anauliza tena. Sola haina harufu, haina joto, haisemi kitu. Tukinyamaza kidogo, kila mtu na simu yake, anakuwa kama ameachwa peke yake gizani, na sisi tumejaa chumba kizima. Aliponiuliza mara ya nne jioni moja, niliona aibu. Kesho yake nikaamua kumtengenezea koroboi.

Wenzangu, jaribuni leo kutafuta chupa ya kioo. Marwa aliniletea ya plastiki ya maji, akashangaa nilivyomtazama. Mafuta ya taa niliyapata duka la tatu, na kijana wa dukani aliniuliza kama nimevamiwa na siafu. Chupa ya dawa ya sindano niliipata kwa daktari wa mifugo, vali ilitoka kwenye tyubu ya pikipiki, utambi ukatoka kwenye fulana ya Marwa ambayo alisema haijachakaa. Vidole vyangu vilikumbuka kila kitu, hata tundu la hewa.

Niliiwasha mezani mbele ya Tata. Upepo wa mlangoni ukaulaza mwali. Akageuza uso, pua zikatanuka.

"Inapigwa na upepo," alisema. "Chukua ile ya ng'ombe."

Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, vumbi limeijaa. Siku hizi daktari anakuja na bomba lake, haihitajiki. Niliiosha, nikapanga vijiwe vitatu kuzunguka koroboi ili hewa ipite chini, nikaishusha juu ya mwali. Ilienea. Gati alizima sola bila kuambiwa, na chumba kikawa cha kijani, kuta za kijani, mikono yetu ya kijani, mpaka nikagundua kwamba dada yangu angesoma masomo yote ya darasa la saba kwenye rangi ya majani. Tulicheka mpaka tukashikana. Hata Marwa aliiweka simu chini.

Tata alinyoosha kiganja juu ya shingo ya chupa, pale joto linapotokea. Akakiacha hapo.

"Ile ya juu huwa naambiwa inawaka," alisema. "Hii najua mwenyewe."

Marwa alikuwa ameinama anaukagua mkato. "Babu, hii nani aliikata? Imenyooka kweli."

Gati alinitazama. Tulijua jibu, tulikuwa tumelisikia tangu utotoni, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulipokea kwa adabu kama siku zote.

"Robi," Tata alisema. "Hapa kijijini wanajua ni mimi. Ni Robi. Alikuwa hata kifuani kwangu hajafika."

Nikainama kupunguza utambi, ingawa haukuwa umezidi. Marwa akaniuliza mbona natoa machozi, nikamwambia ni moshi. Alinikubalia. Taa zao za siku hizi ni safi na zina mwanga kuliko zetu, lakini sijui wao watakuja kusingizia nini.